Vifaa Visivyokuwapo: Utani wa Mafundi wa Kengele za Wizi

Sehemu ya pili

Juma lililopita tulieleza viungo vya kengele ya wizi: paneli, betri, sensa, swichi za milangoni, king'ora, na waya unaoviunganisha vyote. Leo tunaendelea na vifaa ambavyo havimo katika orodha ya duka lolote. Havijatengenezwa wala havitatengenezwa, lakini mafundi wa fani hii huvitaja kazini, huvitungia namba za bidhaa, huelezana namna ya kuvifunga, na huwatuma vijana wakavitafute. Ni vifaa vya utani. Navileta hapa kwa dhati, kwa sababu mtu akielewa kwa nini kifaa fulani cha utani hakiwezekani, ameielewa kengele ya wizi kuliko aliyekariri kitabu cha maelekezo.

Desturi yenyewe ni kongwe na imeenea karakana nyingi duniani. Uingereza mwanagenzi hutumwa stoo akalete rangi ya mistari, au bisibisi ya mkono wa kushoto. Ujerumani huagizwa ndoana ya kutundika vitu hewani, na ili asishuku huambiwa kuwa imetengenezwa na Siemens. Katika jeshi la Ufaransa kuruta hutumwa kuleta ufunguo wa uwanja wa kulenga shabaha, uwanja ulio wazi pande zote. Mwenye stoo naye yumo katika njama. Humwelekeza kijana kwa mwenzake, mwenzake humrudisha alikotoka, mpaka atambue mwenyewe au mtu amwonee huruma.

Kwa wafunga kengele, kifaa mashuhuri ni mashine ya kurefusha waya. Waya umetoka kwenye paneli, umepita darini, umeshuka ukutani, na umeishia nusu mita kabla ya kufika kwenye sensa. Jambo hilo humuuma fundi yeyote, kwani dawa yake ni kuunga waya au kuvuta mwingine tangu mwanzo. Ndipo fundi mkuu anapomgeukia kijana: hebu kimbia garini, niletee mashine ya kurefusha waya.

Tuuchunguze utani huu vizuri, maana una fizikia nyingi ndani yake. Shaba huvutika kweli. Hivyo ndivyo waya unavyotengenezwa kiwandani, kwa kuvutwa kupitia matundu yanayozidi kuwa membamba. Lakini kwa kuvutwa shaba haiongezeki. Ukiuvuta waya hadi urefu wake uwe mara mbili, eneo la mkato wake hupungua likawa nusu, na ukinzani wake wa umeme huwa mara nne: mara mbili kwa sababu ya urefu, na mara mbili tena kwa sababu ya wembamba. Waya wa kengele uliozoeleka Uingereza una nyuzi saba za shaba ambazo kwa jumla zina milimita za mraba 0.22. Mita moja ya waya huo ina ukinzani wa karibu omu 0.08. Utasema ni kidogo. Sasa weka king'ora mita 30 kutoka kwenye paneli. Umeme unakwenda mita 30 na kurudi mita 30, na ukinzani unafika karibu omu 4.7. King'ora kinachotaka nusu ampea kitapoteza njiani zaidi ya volti 2 kati ya volti 12 za betri. Kama waya huo ungekuwa umetoka kwenye ile mashine, umerefushwa kutoka mita 15, hasara ingekaribia volti 5, na king'ora kingelia kwa sauti ya mgonjwa. Kijana anayejibu, "Mzee, tukiurefusha utakuwa mwembamba, king'ora hakitapata umeme wa kutosha," huyo amefaulu mtihani ambao hakuna aliyemwandalia.

Utani wa pili ni bunda la waya kwa ajili ya kengele isiyotumia waya. Huu ni mwepesi, na sitakaa nao sana. Inatosha kusema kwamba sensa ya redio imemwondolea fundi kazi ya kupitisha waya darini, ikampa kazi ya kubadilisha betri ya kila sensa, na kuhangaika na milango ya chuma na kuta za zege lenye nondo ambazo hudhoofisha mawimbi.

Utani unaonivutia zaidi ni ule wa kumtuma kijana alete mfuko wa omu, kwa maelezo kwamba rezista zilizopo zimeishiwa. Ili kuuelewa lazima turudi nyuma hadi Marekani ya karne ya 19. Tarehe 21 Juni 1853, Augustus Russell Pope wa Somerville, Massachusetts, alipata hataza ya kengele ya wizi inayotumia umeme. Mlango au dirisha lilipofunguliwa, saketi ilijifunga, mkondo ukapita, na sumaku-umeme ikatikisa nyundo iliyogonga kengele. Mwaka 1857 Edwin Holmes aliinunua hataza hiyo, na miaka miwili baadaye akaipeleka New York, ambako biashara ya kengele za wizi ilishika mizizi.

Mfumo wa namna hiyo una udhaifu ambao mwizi mwerevu angeuona haraka: ukiukata waya, kengele inakufa kimya. Dawa iliyopatikana ni kugeuza mambo, mkondo uwe unapita wakati wote na kengele ilie unapokatika. Lakini hapo nako kuna mwanya. Mwizi anaweza kuziunga nyaya mbili pamoja kabla ya kufika mlangoni, na mkondo ukaendelea kupita kana kwamba mlango umefungwa. Ndipo ikaja rezista ndogo inayofungwa mwisho kabisa wa waya, pale penye swichi au sensa yenyewe. Paneli inaijua thamani yake, tuseme omu 2,200, na hupima waya bila kupumzika. Ikisoma omu 2,200, mambo ni shwari. Isiposoma mkondo wowote, mlango umefunguliwa au waya umekatwa. Ikisoma sifuri au karibu na sifuri, kuna aliyeziunga nyaya. Kipande cha bei ndogo kuliko soda kinailinda nyumba nzima dhidi ya hila mbili kwa mpigo.

Sasa tazama kinachotokea pale ambapo fundi hajaelewa. Anaichukua rezista, na kwa kuwa kupanda ngazi hadi kwenye sensa ni taabu, anaifunga ndani ya sanduku la paneli. Paneli inasoma omu 2,200 kama kawaida. Taa ni ya kijani, mteja anatia sahihi, fundi analipwa. Lakini kuanzia hapo mwizi anaweza kuziunga nyaya popote nje ya sanduku, na paneli itaendelea kuiona rezista iliyo karibu nayo na kuamini kwamba nyumba iko salama. Kosa hilo linaweza kukaa ukutani kwa miaka bila mtu kuligundua, kwa kuwa kila jaribio la kufungua mlango na kusikiliza king'ora linafaulu. Kwangu mimi hili ni kosa zito kuliko king'ora kisicholia, maana king'ora kilichokufa mwenye nyumba atakijua siku ya majaribio.

Kwa hiyo ule mfuko wa omu una maana. Rezista haina kitu ndani cha kuisha. Haihifadhi omu kama debe linavyohifadhi maji. Omu ni kipimo cha namna inavyouzuia mkondo, na kizuizi hicho kina faida pale tu kinapokaa mahali pake. Aliyeambiwa hivyo mara moja, huku wenzake wakicheka na yeye akicheka nao, hataifunga rezista kwenye paneli.

Sensa ya mwendo nayo ina watani wake. Kuna dawa ya kunyunyizia ili iweze kuona kupitia ukutani, na kuna miwani ya kuisaidia usiku. Ya miwani inachekesha kwa sababu sensa hiyo haihitaji mwanga hata kidogo. Mwili wa binadamu hutoa mionzi ya infraredi, yenye nguvu zaidi kwenye urefu wa wimbi wa karibu mikromita 9 hadi 10, mchana na usiku sawasawa. Lenzi ya plastiki yenye mifereji huligawa eneo la chumba katika vipande, na kijiwe kilicho nyuma yake huhisi joto linapohama kutoka kipande kimoja hadi kingine. Ndiyo maana mtu anayekatiza mbele ya sensa huonekana upesi kuliko anayeiendea moja kwa moja. Na ndiyo maana kioo cha kawaida cha dirisha huiziba, kwani kioo hicho hakipitishi infraredi ya aina hiyo.

Hapa msomaji wa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam asogee karibu. Sensa haioni joto lenyewe. Inaona tofauti kati ya joto la mtu na joto la ukuta ulio nyuma yake. Ngozi ya binadamu huwa na nyuzi joto 33 au 34 hivi. Katika chumba chenye nyuzi 20 mtu huyo anang'aa mbele ya sensa. Katika chumba cha pwani kilichofungiwa mwezi wa Februari, ukuta ukiwa na nyuzi 32 au 33, anakaribia kutoweka. Sensa nzuri hujirekebisha kulingana na joto la chumba, lakini haziwezi kufanya muujiza. Na mjusi anayetembea juu ya lenzi yenyewe, ingawa ni mdogo na damu yake ni baridi, yuko karibu mno kiasi cha kuziba kipande kizima cha chumba, na king'ora kinalia saa nane za usiku. Fundi anayedai kifaa chake hakiwezi kudanganywa na mjusi wala joto anatoa ahadi inayofanana na ile dawa ya kunyunyizia, tofauti ikiwa kwamba yeye hatanii.

Mbali na vifaa vya kutumwa, kuna vifaa vya kutamaniwa, ambavyo mafundi huvibuni wakiwa wamechoka. Kipima umeme kinachotaja saa ambayo hitilafu itarudi. Kibao cha namba kinachotamka jina la aliyesahau namba ya siri. Paneli inayotoa picha ya video kila mwenye nyumba anaposema hakuna aliyegusa kitu. Ukisikiliza kwa makini utasikia malalamiko ya kweli. Hitilafu mbaya kuliko zote katika kazi hii ni ile inayokuja na kuondoka: skrubu iliyolegea, waya uliobanwa na bawaba, unyevu ulioingia kwenye kiungo. Fundi akifika kila kitu ni kizima, akiondoka kengele inalia. Mteja anadhani anaibiwa pesa, fundi anadhani anasingiziwa. Kipima umeme chenye kutabiri hakipo, lakini kumbukumbu ya matukio iliyomo ndani ya paneli nyingi za kisasa, inayoandika saa na sehemu iliyoguswa, ndiyo kitu kilichokaribia zaidi utabiri huo. Wapo mafundi wasioifungua kabisa.

Utani huu una ndugu zake wasomi, na tusiwaache. Mwaka 1944 jarida la wanafunzi la taasisi ya wahandisi wa umeme ya Uingereza lilichapisha maelezo ya mashine iitwayo Turboencabulator, yaliyoandikwa na J. H. Quick. Sentensi zake zimepangwa kwa ufasaha kama za ripoti yoyote ya kihandisi, istilahi zimejaa tele, na hakuna hata sehemu moja ya mashine hiyo inayofanya kazi ya maana. Mwaka 1946 gazeti la Time la Marekani likaisambaza kwa wasomaji wengi zaidi. Kisha mwaka 1972, katika kampuni ya Signetics ya California, mhandisi aliandaa karatasi ya maelezo ya kijiwe namba 25120, kumbukumbu ya kompyuta inayokubali kuandikiwa lakini haisomeki kamwe. Karatasi hiyo ina michoro kamili, mmojawapo ukionyesha idadi ya miguu inayobaki kwenye kijiwe kadiri kinavyochomekwa na kuchomolewa.

Ninazithamini karatasi hizi kwa sababu moja. Zinaonyesha kwamba lugha ya kitaalamu inaweza kusimama yenyewe bila kitu nyuma yake. Namba za bidhaa, michoro, vipimo vyenye desimali, maneno mazito, vyote hivyo vinaweza kuandikwa kuhusu kitu ambacho hakipo. Mhandisi anayecheka anacheka kwa kuwa amepekua nyuma ya maneno akakuta patupu.

Wapo waliokuta patupu hapo kwa kuchelewa, na gharama yake ilikuwa maisha ya watu. Mwingereza James McCormick aliuza kifaa kiitwacho ADE 651, kishikio cha plastiki chenye antena inayozunguka, akidai kinanusa mabomu, dawa za kulevya, hata pembe za ndovu, tena kwa mbali, hata kutoka kwenye ndege iliyo angani. Hakikuwa na betri. Ilidaiwa kuwa kinapata nguvu kutoka katika mwili wa anayekishika. Iraq ilivinunua kwa mamilioni ya dola na kuvigawa kwenye vizuizi vya barabarani. Oktoba 2009 mabomu ya magari yaliua zaidi ya watu 150 katikati ya Baghdad, jiji ambalo askari wake walikuwa wakikagua magari kwa antena hiyo. Januari 2010 Markus Kuhn wa Chuo Kikuu cha Cambridge, akichunguza kwa niaba ya BBC kadi ya kifaa hicho iliyosemekana kuwa na uwezo wa kutambua vilipuzi, alikuta ndani yake kibandiko cha bei ndogo kama vile vinavyobandikwa kwenye bidhaa za madukani ili kengele ya mlangoni ilie zikiibwa. Hakikuweza kutambua kilipuzi chochote. Serikali ya Uingereza ilipiga marufuku ADE 651 kupelekwa Iraq na Afghanistan, na mwaka 2013 mahakama ya London ilimhukumu McCormick kifungo cha miaka 10. Hata hivyo vifaa hivyo viliendelea kuonekana mikononi mwa askari wa Baghdad hadi Julai 2016, pale Waziri Mkuu Haider al-Abadi alipoamuru viondolewe baada ya shambulio la bomu katika mtaa wa Karrada jijini humo.

ADE 651 kilikuwa na asili ya mzaha. McCormick alianza na kitu kilichouzwa Marekani kwa dola 20 hivi kama kifaa cha kutafutia mipira ya gofu iliyopotea. Mwanagenzi aliyewahi kutumwa kuleta mfuko wa omu angeuliza swali ambalo wanunuzi wakubwa hawakuliuliza: mzee, kifaa hiki kinapima nini, na nguvu yake inatoka wapi? Siku alipochekwa ndipo alipojifunza kuuliza hivyo.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaotaka utani huu ufutwe kazini, na sikubaliani pia na wanaoutumia kumvunja kijana. Kijana akirushwa huku na huko saa nzima juani mbele ya mteja, asielezwe chochote jioni, atajifunza jambo moja tu: kutouliza tena. Katika kazi ya kengele, fundi asiyeuliza ndiye anayefunga rezista ndani ya paneli. Na kumtuma mtu juu ya ngazi, au karibu na umeme wa volti 240, kwa ajili ya kifaa ambacho hakipo, ni hatari isiyo na udhuru. Mlete kijana mezani, mtajie mashine ya kurefusha waya, mwache afikiri, kisha mwonyeshe hesabu ya volti. Acheke baada ya kuelewa.

Nawe msomaji unayetaka kufungiwa kengele nyumbani au dukani, mwulize fundi wako mahali atakapoiweka rezista ya mwisho wa waya, na umwombe akuonyeshe kwa kidole kabla hajafunika kifuniko. Akikuonyesha ndani ya paneli, usimlipe mpaka aihamishe. Akikwambia mfumo wake hautumii rezista, akueleze paneli inatambuaje waya ulioungwa. Juma lijalo tutazungumzia king'ora kinacholia bila mwizi, na sababu zinazowafanya majirani waache kutoka nje.